Maswali ya Wasomaji: Mume na Mke Wakienda Kujitolea Tonga

Barua nyingi za mwezi huu zimetoka kwa wanandoa wa hapa Nairobi waliokubaliwa kwenda kujitolea katika visiwa vya Tonga, kule Pasifiki Kusini, au walio mbioni kutuma maombi. Tumechagua saba. Ndefu tumezifupisha.

Nina miaka 62, mke wangu 58. Kanisa moja la Tonga limeomba letu litume mume na mke kusaidia shule ya kijiji kisiwani Tongatapu kwa miezi 18. Tumebakiwa na miezi minne. Tushike karatasi gani kwanza? (Mwalimu mstaafu, Kasarani)

Mwalimu, shikeni cheti cha ndoa. Wengi wa rika lenu walilipa mahari, wakabarikiwa kanisani miaka baadaye, na cheti hawakuwahi kukifuata. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka hata ndoa ya kimila isajiliwe, na afisa wa uhamiaji wa nchi ya mbali hana habari na mbuzi mliopeleka ukweni. Bila cheti, kila mmoja wenu ni msafiri wa peke yake, na kibali cha mume hakimfuniki mke. Wekeni pasi zote mbili na cheti mezani mlinganishe majina herufi kwa herufi. Kama pasi ya mama ina jina la babake na cheti kina la mumewe, mwone wakili awaandalie hati ya kiapo kwamba huyo ni mtu mmoja. Ni kazi ya siku moja Nairobi. Ukishafika Nukuʻalofa, mji mkuu wa Tonga, ni kazi ya miezi, kwa sababu Tonga hakuna ubalozi wa Kenya. Mnaoutegemea uko Canberra, Australia.

Pasi zenyewe: hesabuni miezi 18 ya huduma na 6 ya akiba. Pasi iliyobakiza chini ya miezi 24 ifanywe upya sasa.

Cheti cha mwenendo mwema kila mmoja aombe chake kupitia eCitizen, achapishe fomu, kisha apeleke alama za vidole kwenye kituo cha Huduma au makao makuu ya DCI, Kiambu Road. Hapa ndipo wazee hukwama. Vidole vilivyoshika jembe au chaki miaka 30 huwa vimelainika mistari, alama zinatoka kama madoa, na fomu inarudishwa. Pakeni mafuta mazito mikononi kila usiku kwa wiki moja kabla ya kwenda, na siku hiyo mnawe na kukausha vizuri.

Kibali cha kuishi Tonga huombwa na mwenyeji wenu akiwa kule. Barua yake itaje majina yenu nyote wawili na kazi ya kila mmoja. Ile ya "mwalimu na familia yake" haitoshi. Msikubali kuambiwa mwende kwa viza ya utalii halafu mambo yatanyooshwa baadaye.

Halafu kuna njia yenyewe. Kutoka hapa hakuna ndege ya moja kwa moja. Wengi hupitia Dubai au Doha, kisha Sydney au Auckland, kisha uwanja wa Fuaʻamotu. Mwenye pasi ya Kenya huhitaji viza ya kupitia Australia hata kama hatoki nje ya uwanja na anangoja saa tatu tu. Ni viza namba 771, haina malipo, lakini lazima iwe mkononi kabla ya safari. Asiye nayo huzuiwa papa hapa JKIA, dirishani pa ndege, mizigo ikiwa tayari mizanini. Kupita Auckland nako msikuchukulie kwa mazoea. Wanaotaka kuepuka nchi hizo mbili hupitia Singapore hadi Nadi, Fiji, na kutoka pale wakaingia Tonga. Tiketi isiyorudishiwa pesa inunuliwe mwisho kabisa.

Mimi ni muuguzi, mume wangu ana presha. Tuchanjwe nini, tubebe dawa kiasi gani? (Umoja)

Chanjo ya homa ya manjano ndiyo ya kwanza. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, kwa hiyo kile kijitabu cha manjano huulizwa njiani. Cheti huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu 2016 kinadumu maisha yote, kwa hivyo kitafuteni kwanza kabatini. Ila wewe muuguzi unajua: aliyetimiza miaka 60 na hajawahi kuchanjwa yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kudhurika na chanjo hii. Huyo asikimbilie kupanga foleni. Amwone daktari ampime, na akiona haifai amwandikie barua ya msamaha. Zilizobaki ni homa ya ini aina A, taifodi, pepopunda na surua.

Tonga hakuna malaria. Kuna dengue, na mbu wake huuma mchana, kwa hivyo chandarua cha usiku peke yake hakisaidii. Kila wiki mwageni maji yaliyotuama kwenye vifuu, ndoo na sahani za maua. Mtu akishikwa na homa kule anywe paracetamol. Aspirini na ibuprofen huongeza hatari ya kuvuja damu kama ni dengue. Na kama kabla ya safari mlipitia Kisumu au Kilifi kuaga jamaa, kisha homa ikaingia katika miezi ya mwanzo, mwambieni daktari wazi kwamba mmetoka kwenye malaria. Asipoambiwa hataifikiria.

Dawa za presha bebeni za miezi mitatu angalau, kwenye pakiti zake, pamoja na barua ya daktari yenye jina la dawa yenyewe, maana jina la kampuni hubadilika nchi kwa nchi. Zigawe katika mikoba miwili ya mkononi. Hospitali kuu ni Vaiola, Nukuʻalofa. Mgonjwa aliyezidiwa mara nyingi hupelekwa New Zealand, kwa hiyo bima isiyolipia ndege ya mgonjwa haina kazi kwenu. SHA, bima ya afya ya serikali ya nyumbani, haitawafikia huko.

Mume wangu ndiye aliyeitwa kufundisha. Mimi naambiwa "utapata la kufanya." Naogopa kukaa miezi 18 nikiwa mke wa mwalimu tu. (Mama Nduta, Buruburu)

Mama Nduta, usipande ndege na jibu hilo. Wanandoa wanaorudi kabla ya muda mara nyingi hawashindwi na joto wala chakula. Wanashindwa na jambo hili hasa: mmoja ana darasa, ratiba na mkubwa wa kazi, mwenzake ana jiko. Au huwa kinyume chake. Kina mama wa kanisa wanamtaka, shule ya Jumapili inamtaka, kwaya inamtaka, na kufikia wiki ya sita ana kazi nne ambazo hakuna aliyezipanga. Omba ukurasa mmoja wa maandishi kabla ya kutia sahihi: utafanya nini, saa ngapi kwa wiki, chini ya nani, na siku ipi ni yako ya kupumzika. Mwenyeji wa maana hatachukizwa.

Kuhusu hadhi ya mwanamke, usiende na picha ya nyumbani. Tonga dada yuko juu ya kaka. Shangazi, dada mkubwa wa baba, wao humwita *mehekitanga*, ndiye mwenye kiti cha mbele kwenye harusi na mazishi, na mikeka na vitambaa vya heshima hupelekwa kwake. Ukialikwa msibani ukaona mama mmoja kakaa karibu na kichwa cha maiti na kila mtu anamwinamia, usiulize yule ni mjane? Huenda ni shangazi.

Kati ya kaka na dada kuna *fakaʻapaʻapa*, heshima yenye mipaka mikali. Wakishabalehe hawalali chumba kimoja, hawafanyiani mzaha wa mapenzi, wala hawatazami pamoja filamu yenye watu wanaobusiana. Binamu nao huhesabiwa ndugu, kama tulivyo sisi, kwa hiyo darasa la kijiji huwa limejaa kaka na dada. Msiwaweke mvulana na msichana kuigiza bwana na bibi harusi kwenye mchezo wa Kiingereza. Darasa likinyamaza ghafla na kijana mmoja akatoka nje, msidhani ni utovu wa nidhamu.

Mavazi: sketi ishuke chini ya magoti, mabega yafunikwe. Kwa kanisani na ofisini mwanamke hufunga *kiekie*, mshipi wenye nyuzi zinazoning'inia juu ya sketi. Mwanamume huvaa *tupenu*, ambayo mtu wa Lamu angeiita kikoi, na juu yake mkeka wa kiunoni, *taʻovala*, unaokazwa kwa kamba. Kuukuu isikuchekeshe, mkeka uliorithiwa una thamani kuliko mpya. Leso zako beba, zitafaa nyumbani. Mwanamume kutembea kifua wazi hadharani ni kosa la kisheria. Kushikana viuno njiani hakumpeleki mtu kortini, lakini kijiji kitazungumza.

Tumeoana mwaka jana, hatuna watoto. Kitonga ni kigumu? Na Peace Corps wanachukua Wakenya? (Roysambu)

La pili kwanza: hapana, ni shirika la kujitolea la Wamarekani. Limekuwa Tonga tangu 1967, ndiyo maana jina lake husikika sana. Wakenya hupitia makanisa, mashirika ya kimataifa, au mpango wa kujitolea wa Umoja wa Mataifa. Huo wa mwisho huchukua mtu mmoja mmoja kwa nafasi yake, si kama wanandoa, kwa hiyo mnaweza kujikuta mmoja kapata na mwingine hakupata. Zungumzeni mapema mtafanyaje.

Lugha sasa. Mnaozungumza Kiswahili mna mtaji ambao Mzungu hana. Irabu ni zilezile tano, a, e, i, o, u, na mkazo kwa kawaida hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama kwetu. Herufi *ng* yao ni *ng'* yetu ya ng'ombe: nchi yenyewe hutamkwa "Tong'a", na mgeni mweupe ni "palang'i". Mwingereza huhangaika nayo miezi. Nyinyi mmezaliwa nayo.

Vigumu ni viwili. Kuna alama inayofanana na koma iliyopinduliwa, ʻ, ambayo si pambo bali ni konsonanti: koo linafunga kidogo kisha linafunguka. Na kuna mstari juu ya irabu, kama ā, unaorefusha sauti na kuuvuta mkazo. Mkiviacha mtakuwa mnasema maneno mengine.

Jifunzeni haya kabla ya kuondoka: *mālō e lelei* ni salamu, *fēfē hake?* ni hujambo, *sai pē* ni sijambo, *mālō ʻaupito* ni asante sana, *fakamolemole* ni tafadhali au samahani, *ʻio* ni ndiyo, *ʻikai* ni hapana. Kuaga kuna njia mbili: anayeondoka humwambia anayebaki *nofo ā*, na anayebaki humwambia anayeondoka *ʻalu ā*. Ukipita mbele ya watu walioketi, inama kidogo useme *tulou*. Mtu akiinua nyusi bila kusema neno, amekubali. Na akikuuliza njiani unaenda wapi hakupelelezi. Ni salamu, kama "za kutoka?" ya Pwani.

Nyinyi wawili mna neno lenu. Kitonga hutenganisha wawili na wengi, na hutenganisha "sisi" pamoja nawe na "sisi" bila wewe. *Kimaua* ni sisi wawili, wewe haumo. *Kitautolu* ni sisi sote pamoja nawe. Mkisimama kanisani kushukuru kijiji na kusema *kimaua* pale ambapo mnamaanisha wote, mmewaacha nje watu waliowapikia.

Jumapili kweli kila kitu hufungwa? Na tutawapigiaje watoto simu? (Lang'ata)

Kweli. Katiba ya 1875 inaitangaza Sabato kuwa takatifu, na biashara hukatazwa siku hiyo. Maduka hufungwa, ndege za ndani hazipai. Hata nguo zilizoanikwa nje au kukimbia mazoezi barabarani huonekana vibaya. Sokoni Talamahu, mjini Nukuʻalofa, nendeni Jumamosi asubuhi. Gesi ikiisha Jumamosi usiku mtakula baridi, au mtakula kwa jirani, na jirani atafurahi. Baada ya ibada familia hufukua *ʻumu*, tanuri la kuchimbwa ardhini.

Saa: Tonga iko mbele yetu kwa saa 10. Saa mbili usiku kwenu ni saa nne asubuhi Nairobi, siku hiyohiyo. Huo ndio wakati mzuri wa kupiga. Mtoto akiwapigia saa mbili usiku akiwa hapa, kwenu itakuwa saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake. Kumbukeni pia kwamba Jumapili ya Tonga huanza wakati hapa ni saa nane mchana wa Jumamosi.

Laini ya Kenya isife. Benki na KRA hutuma namba za siri kwa SMS, na laini iliyolala muda mrefu hufungwa ikauzwa kwa mwingine. Washeni huduma ya kutumia laini nje ya nchi kabla ya kuondoka, mweke simu ya pili ya bei nafuu kwa ajili yake peke yake. M-Pesa haina wakala kule. Sarafu ni *paʻanga*, na shilingi yetu hakuna wa kuibadilisha, kwa hiyo bebeni dola za Marekani, Australia au New Zealand. Ripoti ya kodi bado inadaiwa ifikapo Juni 30 kila mwaka hata kama ni sifuri, faini ikianzia shilingi 2,000. Mwenye nyumba ya kupangisha aache hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili, na ndani yake iandikwe kwamba ni ya kukusanya kodi na kukarabati, si ya kuuza. Mkilisahau sharti hilo, msije kumlaumu shemeji.

Soketi ni za umeme wa voti 240 kama hapa, lakini pini ni za Australia, zilizolala mshazari. Adapta mbili zinatosha.

Mama yangu aliona habari za volkano na sasa hataki twende. Tumjibu nini? (South B)

Mwambieni ameona sawa. Januari 15, 2022, volkano ya Hunga Tonga–Hunga Haʻapai ililipuka baharini, mawimbi ya tsunami yakapiga pwani, majivu yakafunika mapaa, na kebo ya intaneti chini ya bahari ikakatika. Tena kuna msimu wa vimbunga, Novemba hadi Aprili. Gita cha Februari 2018 kilibomoa nyumba nyingi Tongatapu. Kisiwa hicho ni tambarare, na nyumba nyingi hazina ghorofa la kukimbilia. Lakini watu wanaishi, na wanajua la kufanya. Nanyi jueni.

Mkisikia tetemeko kali au la kudumu dakika nzima, ondokeni ufuoni mwende juu bila kungoja king'ora. Wiki ya kwanza mwulizeni mwenyeji "juu" ni wapi, kisha mtembee njia hiyo kwa miguu mara moja mkihesabu dakika. Kabla ya msimu wa vimbunga wekeni lita 3 za maji ya kunywa kwa kila mtu kwa siku, za siku tatu au zaidi. Redio ya betri, tochi, dawa, na pasi zenu ndani ya mfuko usiopitisha maji. Wapeni watoto hapa ratiba iliyoandikwa: kebo ikikatika, mtu wa kuulizwa ni nani. Kwa kawaida ni ofisi ya shirika au kanisa lililowatuma, si nyinyi.

Maji ya kunywa ni ya mvua. Hutiririka kutoka paani hadi tangi la saruji au plastiki, na uchafu wa paa huingia nayo. Safisheni mifereji kabla ya mvua, na mvua ya kwanza baada ya kiangazi au majivu iachwe imwagike. Tenganisheni bomba la tangi mpaka paa lioshwe. Yanaposhukiwa yachemsheni mpaka yatokote kwa dakika moja, au tieni matone 2 ya dawa ya klorini (bleach) isiyo na manukato, ya nguvu ya asilimia 5, kwa kila lita, mngoje nusu saa.

Ugali utapatikana? Na ni kweli wanaombaomba? (Bwana wa Githurai)

Unga wa mahindi usiutegemee, na usijaribu kuingiza mbegu, asali wala nyama kavu. Visiwa vinaogopa wadudu wageni. Chochote cha kuliwa mlichobeba kiandikeni kwenye fomu ya forodha, hata majani ya chai. Ila njaa hamtalala. Muhogo, viazi vitamu, viazi vikuu, shelisheli, nduma na nazi vimejaa. Chakula cha Jumapili ni *lū*: majani machanga ya nduma matano au sita yanapangwa kiganjani kama bakuli, yanatiwa nyama ya kopo na kitunguu, tui zito linamiminwa, kisha yanafungwa na kuokwa. Kwenye jiko la umeme yape saa moja na nusu bila kupunguza. Majani ya nduma yana chembe zenye ncha kama sindano, na yasipoiva huwasha koo usiku kucha.

Hawaombiombi. Kuna desturi ya *kole*: jirani huomba sukari, mashine ya kukatia nyasi au nauli, na kesho yake wewe waenda kuomba kwake bila haya. Mkitoa tu na msiombe kamwe, mmejiweka juu yao. Amueni nyinyi wawili kiasi cha kutoa kwa mwezi, na msimjibu mtu mmoja mmoja. Mume akikataa asubuhi na mke akakubali jioni, kijiji kizima kitajua wa kuendewa ni nani. Pesa ya kazi na kompyuta za shule zisiingie kabisa kwenye *kole*. Semeni ni za shule. Na msisifu sana kitu cha mtu, saa au mkeka, kwa maana huenda mkapewa mwende nacho nyumbani.